Mwenzangu wa India hakatwi kodi Marekani, mimi je?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mtafiti wa samaki, nipo Nyegezi hapa Mwanza, mwezi wa nane naenda chuo kimoja Marekani mwaka mzima kwa viza ya J-1, ile ya wageni wa kubadilishana elimu na utafiti, wao watanilipa na mwajiri wangu wa huku ataendelea kunipa mshahara. Wamenitumia rundo la fomu, moja inaitwa 8233, afu kuna jamaa wa India tutakaa nae maabara moja anasema akiijaza hiyo hakatwi kodi ya mapato miaka miwili. Na mimi nijaze? Mke na watoto wanabaki huku, hesabu nimepiga kwa mshahara mzima.

JIBU: Kaka, hiyo fomu usiisaini. Najua inauma, ila msamaha huo haupewi kwa vile wewe ni msomi mgeni, unatokana na mkataba wa nchi mbili kuzuia mtu kutozwa kodi mara mbili, na sisi na Marekani hatuna. Tunao na India, Zambia, Afrika Kusini, Kanada, Sweden na wengineo, Marekani haimo. Jamaa yako anatumia kifungu cha 22 cha mkataba wa India na Marekani, na mwambie akikaa zaidi ya hiyo miaka miwili anadaiwa tangu siku ya kwanza, watu wengi wamelia hapo. Fomu yenyewe inakuuliza mkataba gani, kifungu gani, afu unasaini kwa kiapo, sasa wewe utaandika nini? Wanaangalia kabla ya kwenda ulikuwa mkaazi wa nchi gani, na wewe unatoka Nyegezi.

Lakini hujakosa vyote. Mtafiti wa J-1 miaka miwili ya kwanza ya kalenda hakatwi ile michango yao ya hifadhi ya jamii na matibabu ya wazee, asilimia 7.65, na hii haihitaji mkataba wowote. Fungua macho hapa, maana mimi nilikatwa. Nilipokwenda, mwezi wa kwanza nimeshika karatasi ya mshahara nikajua ndio kodi yenyewe, mpaka mzee mmoja wa maabara akaniwekea kidole kwenye ule mstari akasema hii sio yako, kadai. Nilidai kwa mwajiri nikarudishiwa, ila miezi mitatu ilishapita na ada ya mtoto nilikuwa nimeshakopa. Na ukifika mwezi wa nane, huo mwaka unahesabiwa mzima.

Mshahara wako wa huku nyumbani, Wamarekani hawaugusi, kwa sababu anayelipa ni mwajiri wa nje na wewe uko kwa J-1. TRA wao wanaendelea kama kawaida, na kwa kuwa bado ni mkaazi wa Tanzania hata pato la kule unalitaja, ila kodi uliyolipa kule inapunguzwa kwenye ya huku, kwa hiyo risiti na karatasi zote tunza.

Kodi ya mapato ya kule inaanza asilimia 10, inapanda 12, afu 22, na ile punguzo ya jumla wanayopata wenyeji wewe hupati. Ritani yako, yaani fomu ya kutangaza pato la mwaka, ni 1040-NR, mwisho 15 Aprili ya mwaka unaofuata, pamoja na fomu 8843 inayoeleza kwamba uko kule kwa viza ya J-1. Leo hii waandikie ofisi ya mishahara wakwambie ukishakatwa unabaki na ngapi kwa mwezi, kabla hujakubali chumba cha kupanga.