Mpira wa Spika Hufa Kimya: Miaka Miwili Niliyolaumu Ampu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, spika zangu ni za zamani na besi imepotea. Nimezikagua, mpira unaozunguka koni uko vizuri kabisa, mweusi, hauna hata ufa. Ninunue ampu gani?"

Usinunue ampu, ile mashine ya kukuza sauti, ndugu yangu. Maneno hayo hayo niliyasema mimi kwa miaka miwili, na yalinigharimu.

Spika zangu ni za inchi 8, za ohm 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), nimekaa nazo muda mrefu kuliko samani yoyote iliyomo ndani. Besi yake haikukatika siku moja. Ilikonda polepole, kama mtu anayepungua mwili huku mnaonana kila siku, mpaka mgeni aje ashtuke. Nikabadilisha waya. Nikauza ampu, nikachukua nyingine yenye nguvu zaidi. Nikahamisha makasha kutoka ukuta huu kwenda ule. Shemeji yangu, mtu ninayemheshimu sana, akasema mbele ya watu kwamba spika hazina neno, masikio yangu ndiyo yamezeeka. Neno hilo lilinikaa moyoni.

Kilichonipoteza ni sponji. Sisi tunaopenda spika za zamani tumeizoea ile pete ya sponji inayozunguka koni (sehemu ya mbele inayotikisika kutoa sauti), ambayo unyevu wa hewa huivunja taratibu, na ndani ya miaka 10 hadi 20 ukiigusa inabaki unga kidoleni. Ikifa unaona. Kwa hiyo tunajiambia kwamba penye mpira tuko salama. Kweli, mpira hudumu zaidi. Lakini nao hufa, ila hufa kimya: joto, mwanga na oksijeni huukaza, na vilainishi vilivyochanganywa ndani yake kiwandani hutoka kidogo kidogo. Rangi inabaki ile ile. Jicho halioni ugumu. Koni inayotakiwa kwenda mbele na nyuma kwa uhuru inashikwa ukingoni, mwangwi wake wa asili, yaani kasi ambayo koni hutikisika kwa urahisi zaidi, unapanda juu, na noti za chini zinazimika.

Nilipogundua mpira umekauka, nikafanya kosa ambalo naomba usilifanye. Niliupaka mafuta ya mgando. Siku chache ukalainika, besi ikarudi, nikafurahi mno. Baada ya miezi kadhaa mpira ukavimba, ukajikunja, na gundi ikaachia upande mmoja wa spika ya kushoto. Mafuta ya jamii ya petroli huivimbisha aina nyingi za mpira. Koni ikalala upande, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ikaanza kusugua kwenye sumaku, maana nafasi iliyopo pale haifiki hata milimita moja. Kila noti nzito ilitoka na mlio wa msasa.

Nikaipeleka kwa fundi. Hakuibonyeza koni, hakuipima. Alisikiliza sekunde chache akasema, "Koili imeungua, tupa." Bado inaniuma nikikumbuka. Nilipofika nyumbani nikaweka multimita, kile kipimio cha umeme, ikasoma ohm 6. Spika ya ohm 8 ikisoma 6 kwenye multimita, koili yake ni nzima! Nilikuwa nimeambiwa nizike mgonjwa anayepumua.

Kwa hiyo usikague mpira kwa macho. Gusa. Weka vidole viwili au vitatu kuzunguka koni, bonyeza taratibu na kwa usawa. Ikienda kwa ukaidi, mpira umekaza. Ukisikia mkwaruzo, koili imehama kutoka katikati. Ukitaka uhakika, toa spika kwenye kasha, unganisha rizista (kipande kidogo cha kuzuia umeme) ya ohm 1,000 kati yake na ampu, sauti ikiwa ndogo, halafu cheza mlio mmoja unaopanda kuanzia Hz 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde) huku multimita ikipima volti za AC kwenye spika. Volti zinapofika juu kabisa, hapo ndipo mwangwi wake ulipo. Karatasi ya kiwanda ya spika zangu ilisema Hz 35. Mimi nilipata 52. Siku hiyo nilijua masikio yangu hayana tatizo.

Kubandua mpira wa zamani na kusafisha gundi kulinichukua jioni tatu, sitakuchosha nako. Ila pete mpya usiinunue kwa kutaja "inchi 8" tu. Pima kipenyo cha koni, pima pale pete inapokaa kwenye fremu, na chagua mpira laini. Gundi inayokauka ngumu kama kioo usiiguse. Bandua kikofia cha katikati, ingiza vipande vyembamba vya plastiki kuzunguka koili ili isihame, kisha gundisha pete na uiache saa 24 bila kuibonyeza hata kwa shauku. Na fanya spika zote mbili, hata kama moja bado inaimba. Ukifanya moja, zitaimba kama watu wawili wasioelewana.

Na ninarudia, gusa. Watu wanatupa spika nzima kila siku kwa sababu hakuna aliyeweka kidole kwenye mpira. Tunakimbilia kununua kabla ya kupima, kisha tunailaumu ampu ambayo ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Kitu kilichokuimbia miaka 20 kinastahili dakika 5 za kukaguliwa.

Zangu sasa zinasoma Hz 37 na 36. Jumapili shemeji alikuja, akakaa, akasikiliza wimbo mzima bila kusema neno. Ulipoisha akauliza nimenunua spika gani.