Jikoni na Shangazi: Tui limekatika, samaki kasambaratika

*Shikamoo Shangazi. Naishi Nyakato, nina watoto wawili. Mwezi uliopita wifi yangu wa Dar es Salaam alinitumia maelezo ya samaki wa kupaka kwa simu, sauti ya dakika sita. Nikanunua kilo moja ya minofu ya sangara na nazi mbili, nikafuata kila alichosema. Tui likawa kama maziwa yaliyoharibika, mabonge juu na maji chini. Samaki naye akavunjikavunjika kwenye wavu. Baba watoto akauliza, "Huu ni mchuzi au uji?" Alikula, ila kwa pilipili nyingi. Nimekosea wapi? Wifi sijamwambia.*
*Nimeaibika, Nyakato*

Marahaba mwanangu. Wifi usimwambie, tutayamaliza hapahapa.

Ngoja nikupe na aibu yangu ili tulingane. Mimi mzaliwa wa Pangani, nimeolewa huku Mwanza mwaka 1996. Wiki ya kwanza tu nikasema leo wakwe watakula cha kwetu. Nikaenda Mwaloni, Kirumba, nikarudi na pande la sangara jeupe, limenona. Kwetu nilizoea changu na kolekole, unamweka mzima juu ya makaa na ngozi yake inamshika. Huyu sangara nikamvua ngozi na kumkata vipande, najiona nimemwepushia mama mkwe miiba. Nusu yake iliangukia kwenye majivu. Mama mkwe akaokota kipande kwa koleo, akakipuliza, akala. Hakusema neno. Ningefurahi kama angenisema.

Sangara ni samaki mnene, nyama yake ni ya mapande makubwa, na akiiva mapande hayo yanaachana yenyewe. Bila ngozi hana cha kumshikilia kwenye wavu. Kwa kupaka, chukua sato mzima, wa nusu kilo hadi robo tatu, na ngozi yake. Mpige chale tatu kila upande, mpake chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, umwache kama nusu saa. Usimlaze na ndimu kutwa nzima, atalegea. Kabla hajapanda jikoni mfute maji kwa kitambaa safi. Makaa yawe yameshika majivu meupe, wavu uwe umeshapata moto na umepakwa mafuta, na samaki ageuzwe mara moja tu. Ukiona anang'ang'ania wavu, hajawa tayari kugeuzwa, mwache dakika mbili zaidi. Kama lazima awe sangara, basi mwache na ngozi, umkaange kidogo kwenye kikaango, upande wa ngozi uanze, ndipo umpake tui.

Sasa tui, maana hapo ndipo ulipolizwa. Nazi ya huku ni msafiri, inatoka pwani kwa lori na inaweza kukaa gengeni siku nyingi. Itingishe karibu na sikio. Usiposikia maji, irudishe. Nusa yale macho yake matatu; ikinuka uchachu au mafuta ya zamani, irudishe hata kama mwenye genge atanuna. Ukishaikuna, kamua mara ya kwanza kwa maji ya uvuguvugu kidogo sana, hilo ni tui zito, liweke kando. Ongeza maji, kamua tena, hilo ni tui jepesi. Jepesi ndilo linalopikwa na kitunguu, nyanya, bizari na pilipili mpaka mchuzi ushikane. Tui zito linaingia mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, na mkono wako hauachi mwiko. Koroga mpaka uone povu dogo linazunguka kingo za sufuria, epua. Ndimu au ukwaju utie baada ya kuepua.

Nina hakika wewe ulitia tui lote kwa pamoja, ndimu ikiwemo, ukafunika, ukaenda kumwangalia samaki. Tui halipendi moto mkali, halipendi uchachu likiwa linachemka, na halipendi kuachwa peke yake. Likianza kukatika, epua haraka, koroga unga wa mchele kijiko kimoja kwa maji baridi, utie, urudishe kwenye moto mdogo. Halitakuwa kama la wifi, lakini baba watoto hatauliza swali.

Na wifi usimlaumu. Katika zile dakika sita alisema "halafu unatia tui", akaendelea na mengine. Kwa mtu aliyekulia pwani neno hilo moja lina kukamua mara mbili, lina moto mdogo, lina kukoroga. Hajui kwamba hakukwambia. Ukipokea maelezo ya mtu, mwulize kila panapotamkwa "tia": lini, moto gani, na mkono unafanya nini.

Jumamosi hii pika tui peke yake, nusu nazi, mle na wali. Samaki asubiri wiki inayofuata. Ukibadilisha vyote kwa siku moja, kikiharibika hutajua ni kipi kimekuponza. Halafu andika. Daftari langu lina ukurasa wa mwaka ule wa 1996, una doa la bizari na maneno mawili tu: "Sangara, NGOZI!"

*Shangazi, mimi ni mwanafunzi, nimepanga Malimbe. Kila maelezo ninayoyapata yanasema maharage saa moja na nusu. Yangu yanakula mkaa saa tatu na bado yanagoma. Ni maji ya huku?*
*Mla wali mkavu, Malimbe*

Si maji, ni mwinuko. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzijoto 100, hapa yanachemka kwenye 96 hivi, na hata uchochee moto vipi hayapandi zaidi. Unaongeza mvuke na gharama ya mkaa tu. Kwa hiyo muda ulioandikwa na mtu wa Tanga ongeza kidogo.

Lakini mwanangu, saa tatu ni nyingi hata kwa Mwanza. Nashuku maharage yako ni ya msimu wa juzi, na nyanya unaitia mapema. Uchachu wa nyanya unayafanya maharage yashupae. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya na mfuniko, nyanya iingie yakishalainika. Magadi kidogo yanasaidia, ukizidisha utakula sabuni.

*Dagaa wangu wana mchanga hata niwaoshe mara tano.*
*Buhongwa*

Unawaosha halafu unamwaga maji, sivyo? Mchanga umekaa chini ya beseni, nawe unawamwagia dagaa juu yake. Wakaushe kwanza kwenye kikaango bila mafuta, wapepete kwenye ungo, toa vichwa. Kisha watie kwenye maji ya uvuguvugu mengi, wakoroge, na *uwatoe wao* kwa mikono, maji yabaki. Badilisha maji, rudia mara tatu. Na ukinunua, uliza walianikwa wapi. Walioanikwa kwenye wavu bei iko juu, ila meno yako nayo yana bei.

*Shangazi wewe ni wa pwani. Michembe inaweza kuungwa kwa nazi?*
*Msukuma mwenye wasiwasi, Magu*

Wasiwasi wako naujua, nimeolewa nao.

Kwa wasomaji wa mbali: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa, usivichanganye mbele ya Msukuma. Huku huungwa kwa karanga za kusaga.

Nilijaribu nazi Ramadhani iliyopita, kama futari ya muhogo. Mara ya kwanza niliipika moja kwa moja kwenye tui. Ikanywa tui lote, ndani ikabaki ngumu kama kokwa. Mara ya pili niliilowesha saa mbili, nikaichemsha kwa maji mpaka ikalainika, nikamwaga maji, ndipo nikatia tui zito, iliki na chumvi kidogo. Sukari sikutia, utamu upo wa kwake. Dada zangu waliokuja kutoka Pangani walikwangua sufuria.

Mama mkwe alikula kijiko kimoja, akakiweka chini, akauliza kama karanga zimeisha. Nikaenda kutwanga.