Kabla hujapaka silikoni kwenye Beetle yako

Beetle yangu, ile Volkswagen ya zamani ya mgongo wa mviringo, ya 1972, injini 1300, ilivuja oili miaka miwili, na muda wote huo nilikuwa nalipa pesa izidi kuvuja.

Nilishtuka nikiwa Lushoto. Dar nani anawasha hita? Ila kule asubuhi ya Julai baridi haina mchezo. Nilipofungua hita tu, gari zima likanuka kama karai la vitumbua lililosahauliwa jikoni. Hita ya Beetle hupashwa na eksozi, sio maji, na oili inayotoka kwenye makava ya tapeti, yale mabati mawili yanayofunika mitambo ya vali ubavuni mwa injini, hudondokea humo humo.

Fundi niliyempelekea akapaka silikoni, ile gundi ya kuzibia, pande zote mbili za gasketi inayokaa kati ya kava na injini, akafunga. Wiki mbili, tone likarudi. Akaongeza silikoni. Siku nilipomwaga oili mwenyewe ndipo nikajua ubaya wake. Beetle haina filta ya kubadilisha kama magari ya leo, ina chujio la wavu tu chini ya injini, limeshikwa na nati sita ndogo. Nikakuta wavu umenasa vipande vya silikoni kama ukoko. Oili yote inayokwenda kulainisha injini inapita hapo.

Kwa hiyo kwanza hakikisha kinachovuja ni kava kweli. Safisha upande wa chini wa injini kwa mafuta ya taa na brashi, uache ukauke, kisha unyunyizie poda ya mtoto. Endesha kama dakika kumi, zima, lala chini na tochi. Ukingo wa kava ukilowa, una bahati. Mstari wa oili ukianzia katikati, kwenye yale mabomba manane ya pushrodi (fimbo zinazosukuma mitambo ya vali) yaliyo chini ya silinda, gasketi mpya haitakusaidia kitu. Mimi nilikuwa na vyote viwili.

Kava lenyewe halina hata bolti moja. Limebanwa na waya mnene wa springi. Weka beseni chini, chomeka bisibisi nene, sukuma waya kwenda chini, kava linakuja mkononi pamoja na oili kidogo. Ukilifungua injini ikiwa imelala usiku kucha, seti na tapeti hapo hapo, yaani ule uwazi mdogo wa vali: injini yangu inataka milimita 0.15, ikiwa ya baridi kabisa.

Halafu kazi inayorukwa na wengi. Kwangua gasketi ya zamani mpaka bati lionekane. Weka msasa juu ya kioo, laza kava juu yake, lisugue taratibu mara chache. Sehemu ambazo hazijang'aa ndizo zilizobonyea, na ndiko oili inakopita. La kushoto kwangu lilikuwa limebonyea pale ambapo mtu aliwahi kuliinua kwa bisibisi. Niligongagonga kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mbao mpaka likakaa sawa.

Gasketi mpya ya koki ibandike kwa gundi upande wa kava tu, uiache ishike. Upande unaogusa hedi, yaani kichwa cha injini, paka grisi kidogo, basi. Rudisha waya mpaka usikie umeingia kwenye mfereji wake. Ukiingia kwa kidole kimoja, umechoka, tafuta mwingine.

Yale makava ya kung'aa yanayofungwa kwa bolti yananishawishi kwa macho, sikatai. Ya kiwandani yakikaa sawa yanabana vizuri zaidi.

Angalia na kiasi cha oili. Inaingia lita 2.5, na anayejaza kupita alama ya juu ya stiki anaisukuma itafute mlango. Bomba la kupumulia kwenye mdomo wa kujazia likiziba ni yale yale.

Ule upande wa kushoto, bomba la silinda ya tatu bado linatoa tone moja kila usiku. Nimeweka boksi chini, nangoja siku ya kushusha injini.