Maswali ya Walimu: Grafu ichorwe kwa mkono au kwa kompyuta?

SWALI: Ninafundisha Hisabati darasa la tano katika shule ya msingi wilayani Kilosa. Hivi karibuni tumepata kompyuta mpakato moja na projekta, na mwenzangu amenionyesha tovuti ambazo ukiingiza takwimu tu, grafu inajichora. Wanafunzi wamefurahi mno, lakini nahofia watasahau rula na karatasi ya miraba, ambavyo ndivyo watakavyovitumia kwenye mtihani. Je, niendelee? Na intaneti ikikatika nifanyeje?

JIBU: Mwalimu mwenzetu, endelea, ila badili mpangilio. Grafu ya kwanza ya kila mada ichorwe kwa mkono, kwa sababu mtoto mwenye rula ndiye anayelazimika kuamua mraba mmoja uwakilishe wanafunzi wangapi, na uamuzi huo ndio somo lenyewe. Kompyuta huuamua kimyakimya, na wakati mwingine huuamua vibaya.

Chukua mahudhurio ya wiki moja: Jumatatu 42, Jumanne 44, Jumatano 41, Alhamisi 45, Ijumaa 38. Zipo programu ambazo, zisipoelekezwa, huanzisha kipimo cha wima karibu na namba ndogo kuliko zote badala ya sifuri. Kipimo kikianzia 36, mhimili wa Ijumaa utakuwa na urefu wa vizio 2 na wa Alhamisi vizio 9, na mtoto anayetazama ukutani ataapa kwamba Alhamisi walikuja wanafunzi zaidi ya mara nne ya waliokuja Ijumaa, ilhali tofauti ni wanafunzi 7 tu. Waache wabishane kwanza, huku wakitazama grafu waliyoichora daftarini. Kisha rekebisha kipimo kianzie 0 mbele ya macho yao, nao walinganishe upya. Kwenye karatasi zoezi hilo lingekula kipindi kizima. Kwa kompyuta ni dakika chache, na hapo ndipo ninapoiona faida ya chombo hiki, wala si kwenye rangi zake.

Kuhusu intaneti, huhitaji kuwa nayo kila siku. LibreOffice Calc ni programu ya bure ambayo ukishaiweka kwenye kompyuta inachora grafu za mihimili, za mstari na za duara bila mtandao. GeoGebra nayo inaweza kupakuliwa, ingawa pamoja na Desmos, tovuti nyingine ya kuchora grafu, imeelekezwa zaidi kwenye jiometri na aljebra, na kwa darasa la tano utakuwa umebeba mzigo usiouhitaji. Google Sheets, inayotumika mtandaoni, inafaa, lakini inadai akaunti: tumia ya kwako, na usiandikishe majina ya watoto kwenye tovuti yoyote kwa ajili ya kuchora mihimili mitano.

SWALI: Wanafunzi wangu wa darasa la sita, hapa Tanga, wakikaa kwenye kompyuta huchagua grafu ya duara kwa kila kitu kwa sababu inapendeza. Niwazuie?

JIBU: Usiwazuie, waulize: vipande hivi vikijumlishwa vinakuwa kitu gani? Tuseme wamepima mche wa mahindi kila wiki wakapata sentimeta 4, kisha 9, kisha 15. Kompyuta itawachorea duara zuri bila kulalamika, lakini jumla yake ni sentimeta 28, na hakuna mche wenye urefu huo shambani. Takwimu za kitu kinachokua kwa wakati ni za grafu ya mstari. Mskoti William Playfair, aliyechapisha grafu ya mihimili mwaka 1786, alipoleta duara lenye vipande mwaka 1801 alilitumia kuonyesha ardhi ya milki ya Uturuki ilivyogawanyika kati ya Asia, Ulaya na Afrika, yaani sehemu za kitu kimoja kizima. Kazi ya duara bado ni hiyo.

Takwimu za kura, tuseme umewauliza wanafunzi michezo wanayoipenda, zinahitaji uangalifu zaidi. Kila mwanafunzi akichagua mchezo mmoja, duara linafaa kabisa. Wakiruhusiwa kuchagua miwili, jumla ya vipande itazidi idadi ya wanafunzi walio darasani, na hapo watumie mihimili.