Mkuu, kabla hujanunua ya inchi 16 (galaksi zinazogongana)

Mkuu, umeuliza kama ukiacha darubini yako ya inchi 8 (huo ni upana wa kioo chake) ukachukua ya inchi 16 utaziona galaksi zinazogongana kama zilivyo pichani. Hutaziona. Rangi sahau kabisa, maana kwenye mwanga hafifu kiasi hicho jicho letu linapata kijivu tu. Mimi ya inchi 16 ninayo mwaka wa saba, nipo Oman, siku za giza naipakia garini naingia nayo jangwani.

Ile galaksi ya M51 na jirani yake uliona mabaka mawili ya ukungu, sivyo? Kwa kioo changu mikono inajipinda, na mmoja unanyooka kumwelekea mwenzie mdogo, galaksi ya NGC 5195. Mnajimu Lord Rosse aliuona mpindo huo mwaka 1845 kule Ireland, akauchora kwa mkono. Kioo chake kilikuwa cha inchi 72.

Lakini ninazozipenda ni Antena, galaksi mbili zinazogongana, NGC 4038 na 4039, kwenye kundinyota la Kunguru. Mara ya kwanza niliziruka nikidhani ni uchafu wa lenzi. Nikarudi, nikajifunika kikoi cheusi kichwani, nikabana pumzi (ukipumua ovyo lenzi inafanya ukungu), nikatazama kwa pembeni ya jicho huku nagonga bomba la darubini taratibu kwa kidole. Kitu hafifu kikitikisika jicho hukidaka. Baada ya dakika kumi hivi, kwenye ukuzaji wa mara 200, akatokea kamba wa baharini aliyejikunja: nusu ya kaskazini nene, ina vinundu, ya kusini nyembamba.

Mikia mirefu iliyowapa jina sijawahi kuiona kwa kioo changu. Jamaa mmoja ana ya inchi 25, nikapanda ngazi yake, nikahisi mkia wa kusini. Kuapa siwezi. Mikia yenyewe ni nyota na gesi zilizovutwa nje. Ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walilionyesha hilo kwa kompyuta mwaka 1972. Ni mvuto uleule unaoleta bamvua kule kwetu pwani, ila hapa kinachovutwa ni galaksi nzima.

Sasa sikia. Huku kwangu Kunguru hafiki hata nyuzi 50 juu ya upeo, na vumbi la jangwa linakula nusu ya mwanga. Wewe uliyeko Dodoma anakupitia karibu na utosini. M51 ndiyo iko chini kwako, kaskazini, kwa hiyo umeanza na ngumu. Ngoja giza la Aprili, saa nne usiku, itoe hiyo ya inchi 8 mbali na taa za mji, kaa gizani nusu saa bila simu, halafu ndiyo uzungumzie hela.

Na taa ya ndani ya gari izime kabisa. Mwaka jana mwenzangu alifungua mlango kuchukua chupa ya chai, tukaanza upya kuzoesha macho, watu wanne.