Mtindi wa pasheni unajitenga: CMC chache ni hasara

SWALI: Natengeneza mtindi wa kunywa wenye juisi ya pasheni, lita 10 kwa mkupuo, na CMC (unga wa kukipa kinywaji uzito) gramu 10. Siku ya pili chini kuna tope jeupe, juu maji, na mdomoni unahisi chengachenga. Isitoshe, CMC hufanya mabonge. Niiache kabisa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usiiache, iongeze. Gramu 10 kwa lita 10 ni asilimia 0.1, na kwa kinywaji kama chako kiasi hicho kinaweza kuharibu kuliko kutotia kabisa.

Protini ya maziwa, kaseini, hupoteza chaji karibu na pH 4.6 (pH ni kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka ukali huzidi), punje zikagandana. Chini ya hapo hupata chaji chanya. CMC ni nyuzi za selulosi zilizopachikwa chaji hasi, kwa hiyo huzinata punje na kuzivika koti. Punje zenye koti husukumana, hazitui. Nyuzi zikiwa haba, uzi mmoja hukamata punje mbili tatu na kuzifunga furushi. Furushi ni zito, linazama. Hilo ndilo tope lako.

Anza na gramu 40 (asilimia 0.4). Zichanganye kavukavu na sukari gramu 400, kisha nyunyiza kidogo kidogo kwenye lita 3 za maji ya nyuzi joto 70, ukikoroga kwa nguvu. Sukari hutenganisha chembe. Bila hivyo kila donge hulowa nje, likajifungia unga mkavu ndani. Acha nusu saa mpaka uji uwe angavu, bila vidoti. Asidi na chumvi visiingie kabla ya hapo, CMC haitavimba vizuri.

Poza uji hadi chini ya nyuzi 20, changanya na mtindi uliopoa, halafu mimina juisi taratibu huku ukikoroga bila kusita. Lenga pH 4.0 hadi 4.2. Ukishuka chini ya 3.5, CMC yenyewe hupoteza chaji na koti hutoka. Pasheni ni kali, basi kipima pH si anasa hapa.

Pitisha kwenye homojenaiza (mashine ya kupasua punje kwa shinikizo), shinikizo la baa 150 hadi 200, ndipo upashe joto nyuzi 72 kwa sekunde 15. Blenda husaidia, ila punje hubaki kubwa na chengachenga haziishi zote. Joto likitangulia CMC, protini imeshagandana. Hakuna koti la kuokoa hapo.

SWALI: CMC ya sabuni ya maji inafaa? Naipata kwa bei nafuu.

JIBU: Hapana. Ile ya viwandani huweza kubaki na chumvi nyingi za utengenezaji. Tafuta mfuko ulioandikwa "ya chakula", E466 (namba ya CMC kama kiungio cha chakula).

SWALI: Mbona kinywaji kikitikiswa kinakuwa chepesi?

JIBU: Nyuzi hujipanga kufuata mwendo, zikitulia uzito hurudi. Usiporudi baada ya siku kadhaa, shuku ukungu: vimeng'enya vyake hukata selulosi vipandevipande.