Maswali Yenu: Parachuti la mjomba baharia, hijabu angani, na upepo wa kusi

Toka niandike mwezi uliopita kwamba huwa navuka mpaka wa Horohoro kwenda Diani, Kenya, kuruka na parachuti toka kwenye ndege, meseji zimekuja nyingi kuliko za jambo lolote nililowahi kuandika hapa. Wengine mnataka kujua bei, wengine mnauliza kama ni kweli, na mmoja kaniambia nimuonee huruma mama yangu. Siwezi kujibu zote, nimechukua chache zinazogusa wengi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu makusudi, manake niliisoma saa tano usiku na usingizi ukakata palepale.

*

Shikamoo dada. Mi nipo Makorora, nina miaka 24 na kilo 68. Mjomba wangu ni baharia, kaniletea begi zima la parachuti kalinunua Durban kwa mtu, ndani yamo mawili, kubwa na dogo. Kwenye kitambaa cha kubwa pameandikwa 135. Nimelikagua lote halina hata tundu. Kuna jamaa anamjua rubani wa ndege ndogo, naanzia wapi kujifunza mwenyewe?

Marahaba mdogo wangu, na mjomba mpe salamu zangu, zawadi kama hiyo mtu hakupi kama hakupendi. Lakini nakuomba sana, begi hilo usilivae na huyo rubani usimpigie simu.

Tuanze na hiyo 135. Huo ni ukubwa wa kitambaa kwa futi za mraba. Sasa chukua kilo zako 68, ongeza begi na nguo na helmeti tuseme kilo 12, unapata 80, ambayo ni paundi kama 176. Gawa kwa 135 unapata 1.3, yaani kila futi ya mraba ya kitambaa inabeba paundi 1.3. Mwanafunzi tunataka hiyo namba isifike hata 1, mi nilipoanza nilipewa la futi 230 na bado nilitua nikaburuza magoti. Watu wanadhani parachuti dogo ni zuri kwa sababu ni jepesi kubeba, kumbe likiwa dogo linakimbia, linashuka kwa kasi, na ukilivuta upande mmoja ukiwa karibu na ardhi linakubwaga kama dafu. Na hili watu hawalijui kabisa, wengi wanaoumia kwenye huu mchezo wanaumia parachuti likiwa limefunguka vizuri tu juu ya kichwa, ni vile wamekosea kulitua.

Haya hilo dogo ndo la akiba. Fungua kile kifuniko cha mgongoni taratibu, usivute kitu chochote, angalia tu. Kwenye pini unatakiwa uone uzi mwekundu mwembamba, umefungwa na kipande kidogo cha madini ya risasi kilichobanwa na koleo. Hiyo ni sili ya fundi mwenye leseni, wenyewe wanamwita riga. Alafu kuna kimfuko chenye kadi, imeandikwa tarehe na sahihi yake. Kwa sheria ya Marekani akiba lazima ifunguliwe ikaguliwe na kukunjwa upya kila baada ya siku 180 hata kama haijawahi kutumika, na nchi zingine zina muda wao. Kama uzi umekatika au kadi haipo, basi wewe, mjomba, na huyo aliyemuuzia, wote hamjui ndani mna nini.

Humo humo huenda pia kuna kikompyuta kidogo, kinachojulikana zaidi ni Cypres cha Wajerumani ambacho kimeanza 1991. Kinapima mwendo wako na umbali wako toka ardhini, ukifika kama futi 750 bado unaporomoka, chenyewe kinakata kile kitanzi kilichofunga akiba na akiba inatoka. Kimeokoa watu wengi. Lakini kina umri, cha Cypres 2 ni miaka 12 na nusu au 15 na nusu kutegemea kimetengenezwa lini, ukipita huo hakihesabiki tena. Tafuta tarehe ya kutengenezwa kabla hujafurahi kwamba kipo.

Na kuhusu kutokuwa na tundu, mdogo wangu kitambaa cha parachuti ni nailoni, na nailoni haipimwi kwa macho. Jua linaila taratibu, chumvi inaila, na asidi ya betri ndo inaimaliza kabisa, tone moja tu linatosha kitambaa kikaonekana kizima alafu siku ya kazi kinachanika kama gazeti. Mjomba kalisafirisha na meli, swali langu la kwanza lingekuwa lilikaa stoo gani na pembeni yake palikuwa na nini. Ndo maana na mimi nikisafiri begi langu nalipakata, konda akisema liende kwenye buti nakataa mpaka tunakosana, kwa sababu humo kwenye buti watu wanasafirisha betri za solar na hakuna anayejua ipi inavuja.

Kwahiyo lifunge kwenye shuka safi, liweke mahali pakavu pasipoingia jua, na usimuuzie mtu manake utakuwa umemhamishia hatari yako. Siku ukienda kwenye kozi nenda nalo ukamuonyeshe riga. Hata akisema ni zima, hilo 135 utalisubiri mpaka uwe na jampu mia kadhaa, yaani umeruka mara mia kadhaa.

Sasa kujifunza. Hela yako ya kwanza iende kwa mwalimu, ya mwisho ndo iende kwenye vifaa, na utashangaa kwamba shule inakupa kila kitu, parachuti, altimita ya mkononi ya kukuonyesha upo juu futi ngapi, helmeti, miwani, ovaroli. Kozi inaitwa AFF, yaani Accelerated Freefall. Siku ya kwanza hupandi ndege, unakaa darasani kwa muda wa kama saa sita hadi nane. Alafu jampu za mwanzo unatoka na walimu wawili wamekushika huku na huku, baadae mmoja, baadae peke yako. Ngazi ni saba au nane, na leseni ya kwanza ya Kimarekani, ile A, inataka jampu 25.

Ngoja nikwambie kwanini haya mambo hayajifundishwi na video. Siku ile ya darasani walinining'iniza kwenye mikanda chini ya boriti, mwalimu ananizungusha huku anapiga kelele, "Parachuti halijafunguka, fanya nini?" na mimi naangalia kishikio cha kulia, naushika, navuta, hicho kinaachia parachuti kubwa, alafu cha kushoto cha chuma, hicho kinatoa akiba. Kulia kwanza, kushoto baadae. Tumerudia mpaka mikono ikawa inakwenda yenyewe, nilichoka nikataka kulia. Jampu yangu ya 11 kamba zikajisokota juu ya kichwa, najizungusha kama kuku wa kuning'inizwa, shingo imebanwa siwezi kuinua kichwa. Nikatazama altimita, futi 4,000. Nikajua bado muda ninao, nikazitanua kamba kwa mikono na kupiga mateke upande wa pili, zikafunguka. Ningefika 2,500 bado zimesokotana nilishaamua naachia. Huo uamuzi niliufanya chini, kwenye boriti, wiki tatu kabla. Kule juu nilikuja kuutekeleza tu.

*

Habari dada mwandishi. Binti yangu anamaliza chuo mwaka huu, yeye na wenzie wanataka kwenda kuruka ile ya kufungwa na mwalimu kifuani. Presha imenipanda toka aniambie. Nimkatalie? Mimi ni mama wa Chumbageni.

Shikamoo mama. Hofu yako nakuelewa, na wangu alikuwa hivyohivyo mpaka leo haniangalii nikipakia begi. Mi nisingemkatalia ila ningetaka majibu kwanza.

Hiyo inaitwa tandemu. Mwalimu ndo anabeba mzigo wote, parachuti ni kubwa la watu wawili, mwanao kazi yake ni kukunja mgongo kwa nyuma kama ndizi wakati wa kutoka na kunyanyua miguu wakati wa kutua. Wakishatoka tu kinatolewa kimwavuli kidogo kinachowapunguza mwendo, kwa sababu miili miwili pamoja inaanguka kwa kasi kuliko mmoja, na hicho kinawarudisha kwenye kama kilomita 200 kwa saa. Kuanguka ni nusu dakika hadi dakika moja kutegemea wametoka futi ngapi, alafu wanaelea dakika tano sita hivi wanaangalia bahari.

Akapige simu aulize, mwalimu ana leseni ya tandemu yenyewe, sio ya kuruka tu? Akiba imekunjwa lini? Kile kikompyuta kimo na kinawashwa kila siku? Kituo kinachojiheshimu kinajibu bila kununa, na wakianza kukuzungusha mwambie arudishe hela mfukoni. Na yeye asiwafiche kitu, kama ana mimba, kama ana tatizo la moyo, mgongo au bega linalochomoka aseme. Hata mafua makali aahirishe, ukishuka kwa kasi ile masikio yakiziba ni maumivu ya kulia machozi. Kilo pia watampima, vituo vingi mwisho ni 100 au karibu na hapo, na umri ni 18 kwenda juu.

Mama nenda nae. Kaa pale wanapotua. Utateseka zaidi ukibaki nyumbani umeshika simu.

*

Asalaam alaykum. Navaa hijabu na sina mpango wa kuivua kwa ajili ya mchezo. Inawezekana? Nipo Raskazone.

Waalaykum salaam dada yangu, inawezekana kabisa, mi mwenyewe ndo navaa. Acha mtandio wa kuzungushia na pini nyumbani, vaa ile ya michezo inayobana kichwa, juu yake helmeti, na ncha yote ya chini ichomeke ndani ya ovaroli kabla hujavaa mikanda. Sababu ni moja, kwa upepo wa kilomita 200 kitambaa kinachopepea kinaweza kukufunika macho au kufunika vishikio vya kifuani, na vile vishikio lazima uvione na uvishike muda wote. Muonyeshe mwalimu ukiwa chini, mwambie avute aone kama inatoka. Ovaroli ni pana na ya mikono mirefu kwahiyo stara ipo. Mikanda ya miguuni unaweza kumuomba mwalimu wa kike aikague, omba mapema sio mlangoni mwa ndege.

*

Nasikia ni watu wenye hela zao na wazungu watupu. Mtu wa Mabawa kama mimi, fundi baiskeli, ntakaa nao vipi?

Kaka yangu, hela inatumika, siwezi kukudanganya. Begi kamili ni maelfu ya dola na kila jampu unalipia ndege. Lakini kuna njia niliyoiona watu wakiipita, ni kukunja parachuti. Baada ya kila jampu kuna mtu anakaa sakafuni anapanga zile kamba, anazipitisha mkononi moja moja, anakunja kitambaa, anakilalia kwa kifua kutoa hewa, anakiingiza kwenye mfuko. Kwenye viwanja vikubwa wakunjaji wanalipwa kwa kila parachuti, na wapo walioanza hivyo wakawa wanalipia kozi kwa jasho hilo. We uliyezoea kunyoosha ringi kwa spoku, mkono wako unajua kitu kinachoitwa kulingana, utajifunza haraka. Uliza kama wanafundisha.

Kuhusu kukaa nao, mi nilifika nikiwa mgeni peke yangu na begi la nguo, jioni nilikuwa nimekaa mkekani na mstaafu na mwanajeshi na dada wa saluni tunasimuliana jampu za siku hiyo. Kabla ya kupanda ndege watu wanakaguana, pini, mikanda, vishikio, na mwenye jampu elfu anageuka mgongo akaguliwe na mwenye jampu 30 bila maneno. Hicho ndo kilinifanya niwapende. Kuna mila pia, kila unachofanya mara ya kwanza unawanunulia wenzio bia, mi nikanunua kreti ya soda na walifurahi vilevile. Ukifikisha jampu ya 100 jiandae kupakwa keki usoni.

Na wakikukatalia kuruka siku hiyo, usinune. Wanakataa kwa sababu wameshawahi kumuuguza mtu.

*

Nipo Pangani, napeleka wageni kuzamia kisiwa cha Maziwe na mitungi. Nikizamia asubuhi jioni naweza kuruka? Na mwezi gani mzuri, huku kusi ikianza hata ngalawa zinapumzika.

Usiruke siku hiyo ndugu yangu. Ukizamia, nitrojeni inaingia kwenye damu na inahitaji muda kutoka, ukipanda futi elfu 10 ghafla inatengeneza mapovu mwilini na huo ugonjwa wa viungo we unaujua kuliko mimi. Toa saa 24 kamili.

Upepo, kanuni ya Wamarekani inasema mwanafunzi asiruke ukizidi maili 14 kwa saa, yaani kama kilomita 22. Julai upepo wa kusi unapita hapo mara nyingi tu ikifika mchana, kwahiyo kipindi hicho ni asubuhi mapema au husogei. Mi napenda Februari, kaskazi ikianza kulegea na mbingu iko safi. Na kwa kuwa ni ufukweni dai kifaa cha kuelea, kile chembamba kinachojazwa hewa, hata kama unaogelea kama pomboo, manake kuogelea na parachuti limekuzunguka miguuni ni kitu kingine.

Kutoka huko unapita Tanga mjini, Horohoro unagonga hati, Lunga Lunga upande wa Kenya, unashukia Ukunda kwenda Diani, hata feri ya Likoni hufiki. Panga hivi, Jumanne zamia, Jumatano safiri na jioni ukakae uangalie watu wanavyokunja, Alhamisi alfajiri ndo upande ndege.